Azumah Nelson kwenye flashi: pigano la kwanza linamficha, la marudiano linamwonyesha

Ukitaja uzani wa unyoya (kilo 57) kwenye ndondi mjini Nakuru, mazungumzo huanzia kwa Philip Waruinge, na ni haki yake. Mwana wa mji huu alileta shaba ya Olimpiki kutoka Mexico City mwaka 1968, akatunukiwa pia Kombe la Val Barker, linalopewa bondia aliyecheza kwa ufundi kuliko wote kwenye michezo. Mwaka 1972 akaleta fedha kutoka Munich. Kwa hivyo anayewauzia vijana wa Bondeni hapa Nakuru au wa Kondele kule Kisumu flashi iliyoandikwa kwamba Azumah Nelson wa Ghana ndiye bingwa bora wa unyoya aliyewahi kutoka Afrika, ajue atakutana na ubishi. Ubishi huo una maana, na unaweza kumalizwa kwa kutazama mapigano yenyewe, mradi uyatazame mazima na kwa mpangilio unaofaa.

Tuanze na bidhaa. Flashi hizi hujazwa kwenye maduka ya muvi: mtu anapakua mapigano kutoka kwenye intaneti, anayapanga kwenye folda, anakuuzia. Picha kuwa hafifu si kosa la muuzaji, kwa sababu mengi yalirekodiwa kwenye kanda za miaka ya 80. Kosa linaloharibu kazi nzima ni pigano lililokatwa: dakika nane za ngumi kali, muziki juu, adui chini, basi. Kwa bondia wa kukimbilia nokauti unaweza kuvumilia. Kwa Azumah huwezi, maana yeye alijenga polepole. Ukiitoa raundi ya tatu, ya nne na ya tano, hutaelewa ile ya kumi na moja ilitoka wapi.

Njia ya kukagua ni hesabu ndogo tu. Raundi ni dakika tatu na mapumziko ni dakika moja. Pigano la raundi 12 lililofika mwisho ni dakika 36 za ngumi na 11 za kukaa kwenye kigoda, jumla 47. La raundi 15 ni dakika 59. Lililosimamishwa raundi ya nane lina raundi saba kamili na mapumziko saba, yaani dakika 28, halafu ongeza kipande cha raundi ya nane. Kabla hujalipa, mwambie mwenye duka akufungulie folda na akuonyeshe urefu wa kila faili. Ukikuta pigano la Azumah na Salvador Sánchez, lililofika raundi ya 15, lina dakika 25, huo ni mkato. Ukiamua kutazama mwenyewe kwa simu, ubora wa 480 unatosha kuona miguu na mabega, na hula kitu kama nusu GB au zaidi kidogo kwa saa. Chini ya hapo ngumi fupi za karibu hupotea, na Azumah aliishi kwa ngumi fupi za karibu.

Jambo lingine ni sauti. Izime. Watangazaji huegemea upande mmoja, na kelele za mashabiki hufanya ngumi iliyotua kwenye glavu isikike kama imevunja mbavu. Chukua karatasi, piga mistari ya raundi, na ukimaliza kila raundi andika 10 kwa aliyeishinda na 9 kwa mwenzake, au 8 kama aliangushwa. Usirudi nyuma kurekebisha. Bila karatasi utamhukumu bondia kwa raundi mbili za mwisho unazozikumbuka.

Sasa bondia. Azumah alizaliwa Accra mwaka 1958. Mwaka 1978 alitwaa dhahabu ya unyoya kwenye Michezo ya Afrika mjini Algiers na nyingine kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton. Dhahabu hiyo ya Madola ina historia nyumbani: Waruinge aliichukua Kingston mwaka 1966 na tena Edinburgh mwaka 1970. Wote wawili, basi, walipita kwenye shule moja ya ridhaa, raundi tatu za dakika tatu, na ndiyo sababu ukiwatazama unaona kichwa hakikai mahali pamoja.

Pigano la kwanza la kufungua ni lile aliloshindwa. Tarehe 21 Julai 1982, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, alipanda ulingoni na Sánchez kwa taarifa ya muda mfupi, kuziba nafasi ya Mario Miranda aliyeumia. Alikuwa na mapigano 13 tu ya kulipwa. Sánchez alikuwa bingwa wa WBC, mojawapo ya mashirika yanayotoa mishipi ya dunia, na wengi walimwona bora wa uzani huo duniani. Azumah aliangushwa raundi ya saba, akainuka, akaendelea kumfuata, na refa akalisimamisha pigano raundi ya 15. Tazama raundi ya nane na ya tisa, pale ambapo bondia mchanga aliyetoka kuhesabiwa kwa kawaida huanza kushikilia na kukimbia. Yeye alisogea mbele. Kasoro iko wazi pia: alitupa ngumi moja moja akingoja kuona imefanya nini, na kila alipongoja Sánchez alijibu kwa mbili. Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Agosti, Sánchez alikufa kwenye ajali ya gari akiwa na miaka 23. Marudiano kati yao hayakuwahi kufanyika, na kwa mtu wa tabia ya Azumah hilo ni pengo kubwa kuliko linavyoonekana. Sababu yake inakuja hapa chini.

Mshipi aliupata San Juan, Puerto Rico, tarehe 8 Desemba 1984, nyumbani kwa Wilfredo Gómez. Gómez alikuwa ametetea taji la uzani wa chini yake mara 17, zote kwa nokauti. Wapinzani wa Azumah hupenda kusema Gómez alikuwa ameshapita, na kuna ukweli: kilo zilikuwa zinamsumbua, na Sánchez alikuwa ameshamvunja mwaka 1981. Lakini kwenye kanda hii Gómez anapiga vizuri na yuko mbele kwa pointi. Azumah alimmaliza raundi ya 11. Kumbuka kwamba wakati huo WBC ilikuwa imeshaacha raundi 15 na kushika 12, kwa hivyo aliyekuwa nyuma hakuwa na muda. Faili nzima lazima iwe kati ya dakika 40 na 43. Ikipungua, kilichokatwa ni sehemu ambako mwili wa Gómez ulikuwa unavunjwa kidogo kidogo, na hapo nokauti itaonekana kama bahati.

Kama kuna pigano moja unaloweza kulitazama ukiwa kwa kinyozi, ni la Pat Cowdell, Birmingham, Oktoba 1985. Halikumaliza raundi ya kwanza. Mtu akilitazama haraka ataona ngumi ya bahati. Irudishe taratibu, uangalie goti kabla ya ngumi. Azumah anashusha uzito upande wa kushoto, bega la kushoto linazama chini ya mstari wa macho ya Cowdell, na konde linapanda kutoka chini likiwa fupi, kiwiko kimekunjwa, nguvu ikitoka kwenye nyonga inayozunguka. Wanaoiga ngumi hii mazoezini hukosea mahali pamoja: hushusha mkono badala ya kushusha goti. Mkono ukishuka peke yake, kidevu kinabaki wazi na mpinzani ameshaona ngumi inakoanzia. Uzito wa kazi hiyo unauona zaidi ukijua kwamba Cowdell huyu alikwenda raundi zote 15 na Sánchez mwaka 1981 na kushindwa kwa majaji kugawanyika.

Kwenye unyoya Azumah alitetea mshipi mara sita. Marcos Villasana alimsumbua sana Februari 1986, Danilo Cabrera akasimamishwa raundi ya kumi mwaka huo huo, Mauro Gutiérrez akaanguka raundi ya sita mwaka 1987. Ni rekodi nzuri, ila ina tundu ambalo mashabiki wake hawapendi kulitaja. Enzi hiyo upande wa WBA, shirika jingine la mishipi ya dunia, kulikuwa na Eusebio Pedroza, aliyetetea mara 19, kisha Barry McGuigan aliyemvua taji mwaka 1985. Azumah hakupambana na yeyote kati yao. Si kosa lake peke yake, maana mashirika yalikuwa mawili na mapromota wengi, lakini kwenye mizani kisichokuwepo hakipimwi. Kwa kilo 57 pekee, tunamweka Sánchez juu, kisha Azumah na Pedroza bega kwa bega. Anayetaka kumweka Azumah juu ya Sánchez kwa kilo hizo hana kanda ya kumsaidia.

Kwa hiyo kichwa cha flashi kinachosema "bora wa unyoya" kinamsifu kwa jambo lisilo kubwa kuliko yote aliyofanya. Ubora wake halisi unaonekana ukiyapanga mapigano kwa wapinzani badala ya miaka. Fungua folda ya kila mtu aliyekutana naye zaidi ya mara moja, uone kilichobadilika.

Villasana: mara ya kwanza, ushindi wa majaji wawili huku mmoja akikataa kumpa. Mara ya pili, Agosti 1987, majaji wote watatu. Mario Martínez, kwenye uzani wa unyoya wa juu wa kilo 59 alikohamia: Februari 1988 Azumah alipewa ushindi wa majaji kugawanyika, na watu wengi waliondoka ukumbini wakiamini Martínez ameibiwa. Mwaka mmoja baadaye, Las Vegas, alimsimamisha raundi ya 12. Gabriel Ruelas: mwaka 1993 katika uwanja wa Azteca, ushindi mwembamba wa majaji wawili. Desemba 1995, akiwa na miaka 37 na hajapigana tangu Mei 1994, alimmaliza raundi ya tano. Haki inadai tuseme jambo kuhusu huu wa mwisho: miezi michache kabla yake Ruelas alipigana na Jimmy García, na García akafariki kutokana na majeraha ya pigano hilo. Ruelas aliyepanda ulingoni na Azumah hakuwa yule wa Azteca. Ushindi unabaki, lakini tunaupunguzia uzito.

Usipunguze chochote kwa Jeff Fenech. Tarehe 28 Juni 1991 mjini Las Vegas, Fenech, Mwaustralia ambaye alikuwa hajashindwa, alimsukuma Azumah kwenye kamba raundi baada ya raundi. Paji la uso kifuani, ngumi za mwili mfululizo, hana breki. Majaji watatu walitoka na majibu matatu tofauti, ikawa sare. Karatasi yako ikikupa Fenech mshindi, uko na wengi, na WBC yenyewe ilikuja kumpa mshipi wa pigano hilo mwaka 2022. Azumah alisema alipigana akiwa na malaria. Anayeishi kandokando ya ziwa Kisumu hahitaji kuelezwa malaria inafanya nini kwa miguu na pumzi, ila sisi tunahukumu kanda: aliyeonekana siku ile alipigwa.

Kisha ukaja Melbourne, tarehe 1 Machi 1992, nyumbani kwa Fenech, uwanja wa wazi, Azumah ana miaka 33. Fenech alianguka raundi ya kwanza, akaanguka tena ya pili, na refa akaimaliza raundi ya nane. Kilichobadilika kinaonekana kwa macho. Las Vegas Azumah alipokea msukumo akiwa amesimama wima, mgongo kwenye kamba, miguu sambamba, akijaribu kumtoa kwa mikono. Fenech alipenda hivyo, kwa sababu mtu aliyesimama wima na miguu sambamba hana nguvu ya kupiga. Melbourne alimkutanisha na konde kabla hajafika kifuani. Fenech alipoinamisha kichwa kuingia, Azumah alichukua nusu hatua ya nyuma na ya pembeni, akaacha mkono wa kulia njiani, na Fenech akajipeleka mwenyewe kwenye ngumi. Nusu hatua tu. Hatua nzima ingemtoa kwenye umbali wa kupiga, na kubaki palepale kungemrudisha kwenye kamba. Walimu wa ndondi wanaotafuta somo moja la kuwapa vijana wanaosukumwa na wapinzani wenye nguvu wasitafute mbali na raundi mbili za kwanza za pigano hili. Wamtazame miguu, si mikono.

Ndiyo maana kukosa kurudiana na Sánchez kunauma. Huyu alikuwa bondia anayesoma. Walimwita Profesa, na kwa hili jina lilimfaa.

Somo lina mipaka yake. Jesse James Leija alikutana naye mara nne: sare mwaka 1993, Leija akashinda 1994, Azumah akamsimamisha raundi ya sita Juni 1996, Leija akashinda tena 1998 wakati miguu ya Azumah ilikuwa imekwisha. Kuna aina ya bondia ambaye hakuwahi kumpatia dawa, naye ni mwenye kasi au urefu anayekataa kubaki mbele yake. Pernell Whitaker wa mkono wa kushoto alimshinda kwenye uzani mwepesi Mei 1990 bila ubishi mkubwa, na Genaro Hernández, mrefu na mwenye jebu (ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele) ndefu, akamvua taji Machi 1997 kwa majaji kugawanyika. Katika pigano hilo Azumah alimpiga Hernández baada ya kengele, na Hernández angeweza kuchukua ushindi wa faulo akiwa amekaa, akakataa, akaendelea. Heshima yote ya tukio hilo ni ya Hernández.

Kasoro nyingine, na hii iko karibu kila kanda, ni kuanza polepole. Raundi tatu za mwanzo mara nyingi alizigawa bure akisoma mpinzani. Nguvu zake zilimruhusu kulipa deni baadaye. Kijana asiye na konde lile akiiga mtindo huo kwenye pigano la ridhaa la raundi tatu atashindwa kabla hajaanza. Kwa hiyo kocha wa ridhaa asiwaonyeshe vijana wake pigano zima la Azumah kama mfano wa kugawa nguvu zao. Awaonyeshe mkono wa kulia unaopita juu ya jebu ya mpinzani, ngumi ya mzunguko ya kushoto inayotafuta ini, na namna anavyohadaa kwa bega kabla ya kupiga. Kwa kugawa nguvu ndani ya dakika tisa, mwalimu wao ni Waruinge.

Na hapa ndipo ubishi wa Nakuru unapopata jibu lake. Waruinge alipimwa kwenye ridhaa na kipimo hicho alikipita karibu chote: Mexico City alishindwa nusu fainali 3-2 na Antonio Roldán, mwenyeji aliyeishia na dhahabu, na Munich alishindwa fainali 3-2 na Boris Kuznetsov wa Usovieti. Kura moja kila mara. Kwenye ndondi za kulipwa alikwenda Japani akiwa ameshachelewa, akapigania mshipi wa WBC wa uzani wa chini ya unyoya nchini Panama mwaka 1976 dhidi ya Rigoberto Riasco, akashindwa. Kwa raundi tatu tunamchukua Waruinge. Kwa raundi 12 na 15 tunamchukua Azumah, na wala si kwa tofauti ndogo. Muuzaji anayetaka kuwaridhisha wateja wa Bondeni aandike hivyo kwenye kifuniko.

Kuhusu faili za ziada, pigano la tatu na Fenech la mwaka 2008 liache. Azumah alikuwa na miaka 49, na kushindwa kule kwa pointi hakuongezi wala kupunguza kitu. La Jim McDonnell, London, Novemba 1989, lihifadhi, hasa ukijua McDonnell ndiye aliyekuwa amemstaafisha McGuigan miezi michache kabla. Azumah alimmaliza raundi ya 12, na ile ya 12 inastahili kutazamwa pamoja na 11 zilizoitangulia.

Ukiwa na muda wa saa moja na nusu pekee, fungua Fenech wa kwanza, dakika 47, uandike karatasi yako mpaka kengele ya mwisho. Kisha jioni hiyohiyo fungua Fenech wa pili, chini ya dakika 31, karatasi ya kwanza ikiwa bado mezani.